Elimu ya Mteremko: Tabibu wa Viungo katika Nchi ya Meru na Embu

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru kwa barabara kuu, akiuacha Mlima Kenya mkono wake wa kushoto muda wote wa safari, hapandi mahali asipate kushuka, wala hashuki asilazimike kupanda tena. Kwa maana mito iteremkayo kutoka mlimani, Rupingazi, Ena, Thuchi, Nithi, Mutonga na mingineyo hata kuufikia Kathita uupitiao mji wa Meru, imeikata nchi hiyo kwa makorongo yasiyohesabika. Abiria huyatazama makorongo hayo kama mandhari, lakini mtoto wa Manyatta au wa Igoji anayekimbilia shule asubuhi hujifunza kwayo, kabla hajajua kusoma, jambo ambalo wataalamu wa mwili wa mwanadamu walichukua miaka mingi kulithibitisha: kwamba kupanda huchosha pumzi, ilhali kushuka ndiko kuumizako miguu.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Mtu apandapo, misuli ya mapaja hujikaza huku ikifupika; ashukapo, misuli ile ile hulazimika kujikaza huku inavutwa na kurefuka, kwa kuwa ndiyo inayoushika uzito wa mwili usiporomoke, na kazi ya namna hii huziumiza nyuzi ndogo za nyama kuliko kazi nyingine yoyote. Maumivu yake hayaji papo hapo. Huja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, hata mtu akashindwa kuketi bila kushika ukuta. Ajabu ni kwamba mtu yule yule, akiurudia mteremko ule ule baada ya majuma mawili, huumia kidogo tu, kwa sababu mwili umekwisha kujitengeneza. Katika jambo hilo moja imo takriban elimu yote ya mtu anayehusika na makala haya, yaani tabibu wa viungo wa wanamichezo: kilichodhuru kwa kuzidi huweza kuponya kwa kipimo, na kazi yake kubwa ni kukijua kipimo hicho.

Haishangazi, basi, kwamba waliotafuta nchi ya kuwaandalia wakimbiaji wa mbio za nyika waliiona Embu. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya Kenya ilikuwa ikipiga kambi katika Chuo cha Ualimu cha Kigari, juu ya mji wa Embu, penye mashamba ya chai na njia za udongo mwekundu zinazopanda kuelekea msituni, kabla ya kwenda kwenye mashindano ya dunia. Na tangu 1986 hata 2003 wanaume wa Kenya walitwaa ushindi wa timu mara 18 mfululizo, na John Ngugi na Paul Tergat wakawa mabingwa mara 5 kila mmoja. Sifa hizo ni za waliofika. Mazoezi makali kama yale huacha pia watu njiani, huyu muundi wake umepata ufa, yule kano ya kisigino imevimba kama kidole gumba, na majina yao hayamo katika daftari lolote la riadha. Hao ndio riziki ya tabibu wa viungo, na ndio mtihani wake.

Fani yenyewe ina nasaba ndefu. Mwaka 1813 Pehr Henrik Ling alifungua chuo huko Stockholm kufundisha mazoezi ya mwili kwa nidhamu na kwa makusudi ya tiba. Na mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama, ambacho leo kinaitwa Chartered Society of Physiotherapy, ili kuilinda kazi ya kuchua wagonjwa isiharibiwe jina na watu walioitumia kuficha ufuska. Vita Kuu na ugonjwa wa kupooza watoto viliipa kazi tele, hata mwaka 1951 vyama vya mataifa mbalimbali vikaungana kuwa shirika la dunia. Nchini Kenya, Sheria namba 20 ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia, ambalo huandikisha na kutoa leseni kwa wenye kustahili. Njia ya kuingilia ni stashahada ya miaka 3 katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, au shahada ya miaka 4 katika vyuo vikuu kama Jomo Kenyatta. Na mgonjwa yeyote ana haki ya kumwuliza anayetaka kumgusa kama ana leseni, ingawa kwa murua wetu wengi huona haya kuuliza.

Asidhani msomaji kwamba kijana ahitimuye huenda moja kwa moja kukaa kando ya uwanja na mkoba wake. Akiajiriwa katika hospitali ya rufaa ya Embu au ya Meru, au katika hospitali kongwe za misheni kama Chogoria, iliyoanzishwa mwaka 1922, siku yake huchukuliwa na mwendesha bodaboda aliyevunjika paja, mzee aliyepigwa na kiharusi, mama mwenye mgongo uliochoshwa na mizigo ya kuni, na mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Wanamichezo huwapata jioni na mwisho wa juma, mara nyingi kwa ijara isiyotosha nauli. Wapo Wakenya wachache waliofika mbali kwa njia hii, kama Peter Nduhiu, anayewahudumia wakimbiaji wa kambi ya Kaptagat akiwemo Eliud Kipchoge. Lakini rai yangu ni kwamba miaka ya wodini si miaka iliyopotea, maana aliyemfundisha mzee wa kiharusi kuinua kijiko ameshajifunza subira ambayo mwanariadha wa miaka 20 hatamfundisha.

Mgonjwa aingiaye katika chumba cha tiba, ambacho aghalabu kina vitanda vichache vyenye mapazia, mkeka, ngazi ya mbao ya vidato vitatu na fito mbili za kushikia wanaojifunza kutembea upya, hutarajia kwamba mguu wake utashikwa mara moja. Tabibu mwenye kuijua kazi yake hamshiki. Tuseme aliyeingia ni msichana wa sekondari, mkimbiaji wa mita 3,000, anayechechemea kwa maumivu ya muundi.

“Mwanangu, wiki ile kabla ya maumivu kuanza mlikuwa mkifanya mazoezi gani?”

“Tulikuwa tunapanda na kushuka kilima cha nyuma ya shule, daktari, kila asubuhi.”

“Na wiki iliyotangulia hiyo?”

“Ilikuwa likizo. Nilikuwa nyumbani nikimsaidia mama kuchuma majani chai.”

Hapo tabibu ameshapata nusu ya ugonjwa bila kugusa ngozi: mwili uliokuwa umepumzika mbio kwa mwezi mzima umetwikwa mteremko kila siku, bila daraja katikati. Ataendelea kuuliza habari za viatu, usingizi na chakula; kisha, mama yake akiwapo au muuguzi wa kike akiwa chumbani, atamwuliza msichana kama hedhi yake huja kwa wakati. Ni swali zito katika jamii yetu, na matabibu wengi wa kiume huliruka kwa kuona haya, lakini kuliruka ni taksiri. Kwa kuwa msichana anayekimbia sana na kula kidogo, hata hedhi ikakatika, mifupa yake hudhoofika na kupata nyufa ambazo mwenzake aliyeshiba asingezipata.

Ndipo mkono hufika mguuni. Tabibu huiteremsha ncha ya kidole chake juu ya muundi, taratibu, toka chini ya goti hata kifundoni, akimtazama msichana usoni kuliko anavyoutazama mguu. Maumivu yakiwa yameenea kwa urefu wa vidole vitatu au vinne ukingoni mwa mfupa, huwa ni uchovu wa mfupa na nyama zinazoushika, na majuma machache ya kupunguza mbio yatatosha. Yakiwa mahali pamoja, panapofunikwa na ncha ya kidole kimoja, na msichana akauvuta mguu kwa ghafla, tabibu hushuku ufa, naye humpeleka akapigwe picha hata kama kocha anangoja nje. Picha ya kwanza ya eksirei huweza kuwa safi ilhali ufa upo, kwa hiyo mkono na masikio yake bado vina neno.

Kwa kifundo kilichoteguka ipo kanuni nyepesi iliyotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo kila mwalimu wa michezo ingefaa aijue: asiyeweza kwenda hatua nne, au anayeumia akibonyezwa kwenye mfupa wa nyuma ya kifundo, upande wa nje au wa ndani, apelekwe kwenye eksirei; asiye na dalili hizo wala maumivu ya mfupa katikati ya wayo, mifupa yake karibu hakika ni mizima.

Wagonjwa wengi, kabla ya kufika hospitalini, wamekwisha kupita kwa fundi wa viungo wa kijijini, mzee au bibi mwenye mafuta na mikono yenye nguvu. Sioni sababu ya kuwadharau wazee hao, waliounga mifupa ya watu kabla ya kuwapo barabara ya kumfikisha mtu hospitali. Lakini kuchua kifundo kilichovunjika ni kukizidisha, na gango lililokazwa mno huweza kuuua mguu mzima kwa kuzuia damu. Tabibu mwenye busara haulizi kwa ukali. Husema tu, “Na huko nyumbani mlikanda?” akajibiwa ukweli, kwa kuwa amewaondolea wagonjwa wake haja ya kusema uongo.

Kisa kinachoonyesha vyema falsafa ya fani hii kilitokea Uswidi. Håkan Alfredson, tabibu wa mifupa na mkimbiaji wa kujifurahisha, alikuwa akiteswa na kano ya kisigino, akamwomba mkuu wake ampasue. Mkuu akakataa, kwa kuwa kano haikukatika na kazi ya hospitali isingemwacha. Alfredson akafanya tadbiri ya ukaidi: ataifanyisha kano hiyo mazoezi mabaya, yenye kuumiza, hata ikatike, ndipo wasiwe na hoja ya kukataa. Haikukatika, ilipona. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa 15 waliofanya kama yeye kwa majuma 12, na wote wakarudi kwenye mbio zao.

Zoezi lenyewe halihitaji mashine. Mgonjwa husimama kwenye ukingo wa kidato kwa mbele ya nyayo, visigino vikining’inia. Hujiinua kwa mguu mzima, huhamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, kisha hushusha kisigino polepole hata kipite chini ya usawa wa kidato. Hurudia hivyo mara 15 kwa mafungu matatu goti likiwa limenyooka, na mafungu matatu goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni: jumla ni mara 180 kwa siku. Maumivu ya kadiri huruhusiwa. Yanapokwisha, mgonjwa hubebeshwa mkoba mgongoni, na huko kwetu mkoba huo hutiwa mchanga, au mahindi kama mavuno yalikuwa mema. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba si kila mtu hupona kwa njia hii, na kwamba kuinua na kushusha uzito mkubwa polepole mara tatu kwa wiki hufaa vile vile. Lakini msingi haukubadilika, nao ni kwamba kano, ambayo haina damu nyingi na hujijenga kwa ajizi, hutaka kazi iliyopimwa na miezi ya kuifanya. Aliyekuja kutafuta kuchuliwa mara mbili na kuondoka mzima huondoka na ngazi. Wengi huudhika. Hasa huudhika watumishi wa maofisini, ambao hukumbuka mwezi Mei kwamba wamejiandikisha kwa mbio za Lewa za mwezi Juni, zinazokimbiwa tangu mwaka 2000 kwenye vumbi la hifadhi ya wanyama kaskazini-magharibi mwa mji wa Meru, na hutaka kisigino kilichougua miaka miwili kipone kwa majuma matatu.

Barafu nayo imepoteza sehemu ya heshima yake. Tabibu wa Marekani Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 amri ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu, aliandika mwenyewe miaka kama 35 baadaye kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Hutuliza maumivu ya saa za kwanza. Zaidi ya hapo isiabudiwe.

Ila jambo linalomnyima usingizi tabibu wa wakimbiaji wa Kenya ni sindano. Mkimbiaji ambaye hana mshahara, na ambaye mbio moja ya barabarani Ulaya huweza kumlipia karo za wadogo zake, akiambiwa angoje majuma 12, huweza kupotea njiani na kuingia duka la dawa, ambako dawa aina ya triamsinoloni huchomwa kwenye kiungo na maumivu yakatulia kwa siku chache. Hatari zake ni mbili. Kwanza, kano iliyochomwa dawa za jamii hiyo huweza kudhoofika, na maumivu hurudi mara nyingi yakiwa na nguvu. Pili, sindano zote za jamii hiyo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2022, na hata kabla ya hapo sindano za kwenye msuli zilikwisha kukatazwa. Na baina ya 2021 na 2022 wanariadha kadhaa wa Kenya walifungiwa kwa triamsinoloni. Ipo taasisi ya serikali ya kupambana na uovu huu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, lakini mpelelezi wake hukutana na mkimbiaji baada ya mbio, ilhali tabibu wa viungo hukutana naye kabla, siku ile ya uchungu na tamaa. Insafu hutaka tuseme kwamba si wote waliodungwa walikuwa walaghai. Wengine hawakuuliza kilichomo. Ndiyo maana tabibu mzuri humwambia mgonjwa wake, siku ya kwanza kabisa, kwamba asichomwe kitu bila kumpigia simu.

Kuna pia tiba ya kabla ya maradhi. Shirika la soka la dunia, FIFA, lilitunga mazoezi ya kupasha mwili yanayochukua dakika 20, ya kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa magoti yasiyoingia ndani, na mojawapo ambalo mchezaji hupiga magoti, mwenzake akamshika visigino, naye akajishusha mbele polepole kwa nguvu za nyuma ya mapaja. Uchunguzi uliofanywa Norway kwa wasichana, ukatangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba timu zilizoyafuata zilipungukiwa na majeraha kwa kiasi cha thuluthi moja. Havihitajiki vifaa wala fedha. Kinachohitajika ni mwalimu atakayezitoa dakika hizo kwenye nusu saa aliyopewa kabla ya giza, na hapo ndipo shule nyingi hushindwa.

Zikikosekana dakika 20, huenda ikalipwa miezi tisa. Ndani ya goti zimo kano mbili zilizopishana kwa umbo la msalaba, na ile ya mbele hukatika aghalabu bila kuguswa na mtu, mchezaji anapotua au kugeuka ghafla; wasichana hupatwa mara mbili au zaidi kuliko wavulana katika mchezo ule ule. Baada ya kupasuliwa na kuungwa, goti huacha kuuma mapema sana kuliko linavyopona, na hiyo ndiyo hadaa yake. Uchunguzi mwingine wa Norway, wa mwaka 2016, uliona kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hata kufika mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. David Rudisha, ambaye jeraha la goti lilimkosesha mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013, alingoja, akarudi, akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 na wa Olimpiki Rio 2016. Lakini Rudisha alikuwa na jina na mameneja, na beki wa shule ya kutwa ana mwalimu wake tu.

Mwalimu huyo huja hospitalini mwenyewe, mara nyingi kwa nia njema kabisa.

“Daktari, michezo ya muhula wa pili ni mwezi ujao, na huyu ndiye nguzo ya ulinzi wetu. Anakimbia vizuri, nimemwona.”

“Mwalimu, tangu apasuliwe ni miezi mingapi?”

“Sita.”

Tabibu habishani. Humwita msichana, humchorea mstari wa chaki sakafuni, humwambia aruke mbele kwa mguu mzima na kutua bila kuyumba, kisha kwa mguu uliopasuliwa. Na mwalimu hupewa utepe wa kupimia apime kwa mkono wake. Mguu uliopasuliwa hutakiwa ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake kabla ya mazungumzo ya mechi kuanza. Unapofikia 71, kama unavyoweza kufikia mwezi wa sita, mwalimu huukunja utepe na kuurudisha mezani.

“Sasa akae tu nyumbani, daktari?”

“La, mwalimu. Aje uwanjani kila jioni pamoja na wenzake. Zile dakika 20 za kwanza azisimamie yeye, na afanye yote isipokuwa kuruka na kugeuka. Kisha mlete hapa baada ya wiki sita, na utepe utaushika wewe tena.”